Kitufe cha Pili

Nianze na tumbo, maana ndiko hadithi yote ilikolala. Upande wa kushoto, pembeni kidogo ya kitovu, nina kinundu. Ukikigusa utadhani nilimeza kifungo cha koti kikagoma kushuka. Chini ya ngozi hapo pamewekwa kidude cha chuma chenye upana wa sarafu, na ndani ya kidude mna vijichumba vyenye dawa ya unga. Siku sukari yangu ikishuka hata nikazima kama taa, mtu aliye karibu anabonyeza kitufe, kijichumba kimoja kinafunguka, dawa inaingia mwilini, nami narudi duniani. Zaidi ya hapo usiniulize. Kidato cha nne nilikimalizia kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na kipindi cha baiolojia kilipangwa saa ileile ambayo umeme wa mtaa wetu ulipenda kukatika.

Usikimbilie dukani kukitafuta, hakipo. Bado kinajaribiwa kwa watu wachache, na mimi ni mmoja wao kwa bahati tu, si kwa akili. Naandika kwa sababu najua kwamba mahali fulani, pengine Urambo, pengine Nzega, kuna mtu anayejifungia chooni kujidunga sindano ya insulini ili shemeji zake wasimwone. Mimi nilikuwa mtu huyo. Choo chetu pale nyumbani, Ntalikwa, kilinijua kuliko padri wangu.

Kazi yangu ni kuuza asali. Cheka kwanza, nitasubiri. Asali yenyewe inatoka Sikonge, inakuja kwa baiskeli ndani ya ndoo na madumu, mimi naichuja na kuiuza sokoni Tabora mjini. Kisukari kilinikamata nikiwa kijana ambaye hata masharubu hayajakubali kuota. Nilikonda hata suruali ikawa inatembea peke yake, mimi nafuata. Kliniki wakaniambia sindano ni kila siku, maisha yote. Nikaona ni heri ningeugua kitu cha kiume, kama kuvunjika mguu. Muuza asali mwenye kisukari, nani atanunua kwake? Nikaamua kwamba watajua watu wa nyumbani tu.

Na hao wa nyumbani nao walijua nusu. Marehemu mama yangu alishika neno moja tu la daktari, kwamba sukari si nzuri kwangu, akalilinda kama askari wa zamu. Kiangazi kimoja, wakati moshi wa mapori yanayochomwa umefunika mji, nilijidunga sindano nikachelewa kula. Nikaanza kutetemeka. Jasho lilinitoka la kuweza kujaza bwawa la Igombe likabaki la kumwagilia mahindi. Nikatambaa kuelekea ndoo ya asali. Mama akaiwahi, akaikalia. Nikamwomba kijiko kimoja, ulimi umeshakuwa mzito, naongea kama mlevi. Akaniambia hataki kunizika kwa mkono wake mwenyewe, akazidi kukalia. Mke wangu ndiye aliyeingia kutoka kisimani, akamnyanyua mama mkwe wake kwa nguvu, jambo ambalo kwetu halifanywi, akanipaka asali ndani ya shavu kwa kidole. Mama hakusema naye mpaka mvua za kwanza zilipoanguka. Siku hiyo wanawake wawili walinipenda kwa nguvu zao zote, na mmoja wao nusura aniue.

Basi, enzi hizo mwili ulikuwa bado una adabu ya kupiga hodi. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, zote zilikuwa hodi. Miaka ilivyokwenda, hodi zikapungua, kisha zikaisha. Nikawa naanguka bila taarifa, kama mtu aliyenyang'anywa kiti. Nilianguka kanisani, nilianguka juu ya magunia ya karanga ya watu, na darasani nilianguka siku ya mtihani wa majaribio, mwalimu akasema nimekunywa. Sikumkatalia. Niliona ulevi ni aibu iliyozoeleka, watu wanajua pa kuiweka.

Mke wangu, Mama Rehema, ndiye aliyeacha kupumzika. Nikinyamaza kidogo tu, hata kama nafikiria bei ya madumu, ananigusa bega. Akienda kwa dada yake kule Isikizya, anageuza siku hiyohiyo. Aliwahi kuniambia kwamba ameolewa na mtoto mchanga mwenye sharubu, na hakuwa anatania.

Kliniki yetu ya kisukari ina benchi refu la mbao ukutani. Ukifika unakaa mwisho, unasogea makalio kwa makalio mpaka mlangoni. Nimelisugua benchi lile mpaka naamini kuna alama yangu. Nilikuwa nakuja na kofia imeshuka usoni, na nikikutana na mteja wangu wa asali nasema nimemleta mama. Nilisema hivyo hata baada ya mama kufariki, mpaka sista mmoja, mama mnene mwenye mikono ya moto, akaniambia taratibu huku akinipima, "Kaka, mwache mama apumzike sasa."

Ndiye sista huyo aliyeniambia kuna madaktari Dar es Salaam wanatafuta watu ambao miili yao imeacha kupiga hodi. Tukapanda treni, mimi na Mama Rehema, mwanzo wa masika. Babu zetu waliipita njia hiyo kwa miguu, pembe za ndovu kichwani, kutoka Unyanyembe, Tabora yetu ya leo, mpaka pwani, wakirudi na shanga, nguo na hadithi za uongo. Mimi nilikwenda mikono mitupu nikarudi na mzigo tumboni. Sidhani kama kuna mpagazi wa Kinyamwezi aliyewahi kubeba mzigo mdogo kama ule, wala aliyelalamika kama mimi. Kukata kwenyewe kulikuwa kudogo, ganzi ya hapo hapo tu, nikamsikia daktari akizungumzia mpira. Lakini njia nzima ya kurudi, Dodoma, Manyoni, Itigi, nilishika tumbo kama mjamzito. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu hakuuliza lolote, akanipa khanga yake niiwekee chini ya mgongo. Mpaka leo namwombea.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ugonjwa wangu halisi ulipokuwa. Kidude hakijiamulii. Kinangoja mtu, na mtu huyo awe karibu, hatua chache tu. Kwa hiyo walitupa vitufe viwili, kila kimoja kama ufunguo wa gari la tajiri. Daktari akaeleza kwamba kimoja ni cha nyumbani na kingine ni cha mtu anayeshinda na mimi mchana. Akaniuliza mtu huyo nani. Nikajibu yupo.

Alikuwepo kweli. Shabani Pazi, fundi baiskeli, tunagawana ukuta sokoni. Yeye ni Mzaramo wa Tabora. Wazee wake walipanda huku na misafara, wakaoa, wakajenga, wakasahau kurudi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama hizohizo za njia, kwa hiyo tangu nimfahamu Shabani hatujawahi kusalimiana vizuri. Mimi namwita mtumwa wangu niliyemnunua kwa chumvi. Yeye huwaambia wateja wangu kwamba Mnyamwezi huchuja asali kwa soksi. Mtu kama huyo nimpe kitufe cha uhai wangu? Kichwani nilimwona kabisa akikionyesha kwa soko zima, akidai ana rimoti ya Mnyamwezi. Nikakificha kitufe cha pili ndani ya kiatu cha harusi, chini ya kitanda.

Mama Rehema alikikuta wakati wa kufagia. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani na kile kiatu mapajani, akaniuliza kama sokoni nikianguka nataka Shabani afanye nini, anizibe pancha? Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Baba Rehema, mimi mikono yangu ni miwili tu. Siwezi kukushika nyumbani na sokoni." Nikamwahidi nitampa Shabani wiki ijayo. Masika ikaisha, tumbaku ikavunwa na kukaushwa, upepo wa kipupwe ukaja, na wiki ijayo ilikuwa bado haijafika.

Ndipo Mzee Pazi, baba yake Shabani, akafariki. Alikuwa fundi seremala wa zamani, mtaratibu kupita kiasi. Nasema hivi nikiwa shahidi: alitengeneza mlango wa duka langu kwa muda ambao wengine wangejenga kanisa. Shabani alilia kama mtoto, mimi pia nililia, kisha nikakumbuka kazi yangu. Kwa desturi yetu msiba wa mtani haukamiliki bila mtani kuuharibu kidogo. Wafiwa wanalia, mtani anawachekesha, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Nilijidunga sindano asubuhi, nikaondoka bila kula, nikijua msibani nitapata chai. Chai ilikuwepo, ila mimi ndiye niliyekosa nafasi. Nilivaa koti la marehemu. Nikatembea kama yeye, nikipima hewa kwa futi kamba, nikapiga miayo, nikamwambia shehe arudi mwezi ujao. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata Shabani niliona mabega yanatikisika. Ilipofika saa ya kutoka, wanaume wakainua jeneza, wanawake wakabaki ndani kwa desturi yao, na Mama Rehema alikuwa huko ndani nao, kitufe chake kimefungwa kwenye pindo la khanga. Nikakimbia mbele ya jeneza, nikalala chali katikati ya njia, nikatangaza kwamba mtumwa wangu haendi popote mpaka nilipwe jogoo.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho. Yaliyofuata nimesimuliwa.

Walinijibu kwamba Mnyamwezi hapewi jogoo, apewe manyoya. Sikujibu. Wakasema tazameni anavyojifanya maiti, anamshinda hata marehemu mwenyewe. Mtu mmoja akaninyunyizia maji, mwingine akanimwagia unga usoni ili nifanane na marehemu zaidi. Mdomo ukawa wazi, mkono unarukaruka, na watu wakazidi kuanguka kwa kicheko kwa sababu hawajawahi kuona mtani mwenye kipaji kama kile. Kisha suruali yangu ikalowa. Kuna waliosema sasa amezidi, lakini hata hao walisema huku wanacheka. Shabani, mfiwa, alisimama na mti wa jeneza begani akisubiri nimalize. Sikuwahi kuwa na hadhira nzuri kama ile maishani mwangu, na nilikuwa nakufa mbele yao.

Ndani, kina mama walikuwa wanaguna wakisikia vicheko vya nje. Mama Rehema anasema alikuwa anasikiliza kwa sikio moja, kama kawaida yake. Vicheko vilikuja, vikaja tena, vikaja tena. Katikati yake hakusikia sauti yangu. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kusikia watu wakicheka na mimi nimekaa kimya.

Alitoka mbio, akapita katikati ya wanaume na kanzu zao, kichwa wazi, khanga imedondoka mlangoni na kitufe amekishika mkononi. Mtu mmoja alijaribu kumzuia, akidhani mke amekuja kumvuruga mtani kazini.

"Ondokeni," alisema. "Huyu hachezi."

Wakacheka na hilo pia. Ndipo akasema lile nililomwomba miaka yote asiliseme kwa mtu. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza chumvi.

"Mume wangu ana kisukari. Anakufa hapo mnapomwangalia."

Akapiga magoti kwenye unga na maji na mkojo, akabonyeza.

Wanasema hakuna kilichotokea. Kidude hakilii, hakiwaki, kinapata joto kidogo tu mahali ambapo hakuna anayeona. Mke wangu alikuwa amepiga magoti na kitu kama ufunguo wa gari, na wanaume wote wa mtaa wamesimama, na jeneza liko mabegani juani, na hakuna aliyejua kama anangoja mazishi ya mmoja au ya wawili. Shabani baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa msiba wake, si kabla.

Mimi nilirudi kwa mafungu. Kwanza nikaona viatu. Kisha mapindo ya kanzu. Kisha jeneza kutokea chini, mahali ambapo mtu hatakiwi kulionea. Dawa ile ikileta uhai inaleta na kichefuchefu. Nikatapika, na ndara za shehe zilikuwa karibu kuliko ningependa. Mtu mmoja akarudi mlangoni kumletea Mama Rehema khanga yake. Badala ya kujifunika kichwa, akaitandaza juu ya suruali yangu. Nikaelewa yote kwa mpigo. Wanajua. Wameniona. Na Mzee Pazi, ambaye dini yake inataka azikwe upesi, ameningoja mimi.

Nimewahi kuumwa malaria iliyonifanya nizungumze na mbuzi. Nimewahi kuanguka mtihani mmoja mara mbili. Hayo yote yalikuwa sherehe. Siku ile nilitamani mke wangu angechelewa, na hilo naliandika wazi kwa sababu nawe unaweza kulitamani siku moja, na nataka ujue kwamba linapita.

Jeneza lilinizunguka, likaenda. Mimi nikabebwa mpaka barazani. Mjane, Bi Mwanahawa, alikuwa nyuma ya pazia la mlango, ameshaanza eda yake. Akatoa kikombe cha uji wenye sukari, mkono tu unaonekana. Nikajaribu kumwomba radhi kwa kumchelewesha mume wake. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Mzee maisha yake yote hakuwa na haraka."

Nikanywa. Nililia ndani ya kikombe, uji ukaingia chumvi.

Baada ya hapo nilijifungia. Sokoni sikwenda, asali nikauzia nyumbani. Nilirudi Dar kuangaliwa kidude, nikarudi tena kliniki kwenye benchi, safari hii bila kofia, maana kofia ilikuwa haina kazi; mji mzima ulishajua. Nilingoja wateja wakimbie. Ajabu, walikuja zaidi. Mzee mmoja wa kanisa la Moravian alikaa kwenye kigoda changu, akazungukazunguka habari za mvua, mwishowe akasema naye ana sindano, anaificha kwenye debe la mbegu. Tulikaa wawili tukitazama ardhi kama wezi. Aliniuliza kama inauma, nikamwambia kinachouma si sindano.

Arobaini ya Mzee Pazi ikafika. Nikasema sitakwenda. Mama Rehema hakubishana. Aliweka kiatu cha harusi juu ya meza ya chakula, kimoja tu, mdomo wake umenielekea. Tukala tukiwa na kiatu. Nikachukua kilichokuwa ndani, nikatia mfukoni, nikaenda.

Nilipokaribia nyumba ya wafiwa nikaona watu wamejipanga pande mbili za njia, kimya, wanauma midomo. Katikati, chali, amelala Shabani. Macho ameyafumba, mdomo wazi, mkono unarukaruka. Kichwani amejifunga khanga ya mtu. Zamu yake imefika. Kwa desturi ana haki, wala mimi sina ruhusa ya kukasirika.

"Mama Rehema," akaguna, macho bado ameyafumba, "nibonyeze kitovu nimekwisha."

Soko zima lilikuwa pale na lilicheka. Haya ilinipanda kutoka miguuni, nikaona nageuka, naona kabisa mgongo wangu ukienda zake. Lakini mke wangu alikuwa nyuma yangu, na hakuwa amejifunika uso kama nilivyotarajia. Alikuwa anacheka. Mwanamke ambaye hakuwa amecheka mambo haya tangu tuoane, alikuwa ameshika ukuta anacheka mpaka machozi.

Nikapiga magoti pale Shabani alipolala. Nikatoa kitufe mfukoni, nikakiweka juu ya kifua chake. Akafumbua jicho moja.

"Nini hiki, Mnyamwezi?"

"Cha pili. Mama Rehema anacho chake. Hiki ni cha mtu wa sokoni."

Aliinuka akakaa. Akavua ile khanga kichwani. Akakigeuzageuza kitufe kwa vidole vyake vyeusi vya grisi, kwa uangalifu ambao sijawahi kumwona akiutumia kwenye baiskeli ya mtu. Vicheko vilipungua vyenyewe. Nilingoja aseme lile la rimoti. Nilikuwa nimelisikia kichwani miezi yote hiyo, nilikuwa tayari.

"Nibonyeze lini?" akaniuliza.

"Nikinyamaza."

Akaitikia kwa kichwa, akakitia mfuko wa shati, akakifunga kifungo cha mfuko.

La rimoti alilisema kesho yake asubuhi, usidhani alinisamehe. Soko zima sasa linaijua rimoti ya Mnyamwezi. Kitufe amekifungia kipande cha mpira wa tairi, anakivaa shingoni pamoja na ufunguo wa duka, na mimi bado nikikiona pale naona haya, kama mtu aliyeanikiwa nguo ya ndani barabarani. Sitakudanganya kwamba inaisha. Lakini mchana, katikati ya nyundo zake, nikikaa kimya kidogo kuliko kawaida, nyundo inasimama, na sauti inavuka ukuta.

"Mnyamwezi, sema neno."

Nami nasema, hata kama ni tusi.